Matanga ya Mama Aliye Hai

Siku moja naikumbuka kuliko siku zote za ujana wangu. Nilikuwa nimeketi sebuleni kwa mfanyabiashara mmoja wa hapa Bunia, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana vidole, nikimsikiliza mtu ambaye si baba yangu mdogo akijitambulisha kwamba ndiye baba yangu mdogo. Na nilikuwa nafurahi, mwanangu. Nilikuwa nafurahi kweli kweli.

Nakueleza haya kwa sababu wewe na wenzako mnakuja kwangu hapa mtaani Lumumba kila juma kuazima riwaya za Wamarekani. Mnazipenda. Nami nazipenda, nimezifundisha mpaka meno yameanza kuniaga moja moja. Lakini kabla sijakupa nyingine, kaa kwanza kwenye kiti, si hicho chenye mguu mbovu, ukae kwenye kile kingine, usikilize jinsi mimi nilivyoisoma ya kwanza vibaya hata nikamwua mama yangu.

Usishtuke. Hakufa. Taabu yote ilianzia hapo.

Kwetu ni Tchomia, kule chini ziwani. Baba alifariki nikiwa mdogo mno, hata sura yake sina, nikabaki na mama pamoja na Ngabu, mdogo wake baba, mvuvi mwenye maneno machache na mikono mipana. Mama alikuwa anakausha samaki kwa moshi. Alikuwa na tanuru lake la udongo, juu yake kichanja cha waya, na tangu asubuhi mpaka jua kuzama alikuwa akigeuza samaki, macho mekundu, akiimba nyimbo za kanisa ambazo maneno yake nusu alikuwa ameyatunga mwenyewe. Samaki hao ndio walionisomesha. Ndio walionipandisha Bunia, nikaingia sekondari, halafu chuo cha ualimu, upande wa Kiingereza. Na mimi, kila nilipotoka likizo, nilifua mashati yangu mara tatu kuondoa harufu ya moshi. Haikutoka. Wenzangu walinusa na kucheka kidogo tu, kicheko cha urafiki, lakini mimi kilinichoma mpaka ndani ya mfupa. Ujana una ngozi nyembamba, mwanangu.

Chuoni kulikuwa na sanduku la vitabu vya msaada. Nikaokota humo riwaya moja ya Kimarekani isiyo na kichwa wala mkia. Jalada lilikuwa limeng'oka, na kurasa za mwisho zilikuwa zimeliwa na mchwa. Mpaka leo sijui nani aliiandika. Ilikuwa habari ya kijana mmoja, mtoto wa mama anayefulia watu nguo katika mji mdogo wa viwanda. Kijana anapanda treni, anaenda mji mkubwa, anapata kazi katika duka la kofia. Anaangalia matajiri wanavyovua glavu, wanavyoshika fimbo, wanavyocheka bila kufungua mdomo wote. Anajifunza. Anampenda binti wa mwenye benki. Na siku moja, mezani kwao, wanamwuliza: wazazi wako wako wapi? Anajibu kwamba walikufa wote katika ajali ya treni. Mwenye benki anasema pole sana, kijana wangu. Halafu anaomba apitishiwe chumvi.

Ile chumvi uiweke akilini, ndiyo iliyonipoteza.

Baada ya hapo mambo yote yalimnyookea yule kijana. Alipata suti, akapata cheo, na ukurasa wa mwisho uliobaki ulimwonyesha amesimama mlangoni pa nyumba kubwa, taa zote zinawaka, mtumishi anamfungulia. Hapo mchwa walikuwa wameshiba. Mimi nikajimalizia mwenyewe: akaingia, akaishi raha mustarehe. Nikakisoma kitabu kile mara nne, kama mtu anayesoma katekisimu.

Unacheka. Cheka tu. Hata neno lao la tabaka lilinichanganya, kwa sababu kwa Kiingereza ni lile lile la kilasi, na kwetu kilasi ni pale mtoto anaketi kwenye banki, yaani dawati, anaandika mtihani, anapanda ya tatu, ya nne, ya tano. Nikasema kumbe! Basi utajiri nao una kilasi zake, na mwenye akili anapanda, na wa kilasi za chini wanabaki kule nyuma kwa sababu hawakusoma. Mama yangu, kwa hesabu hiyo, alikuwa hajaanza hata ya kwanza.

Sasa huyu mfanyabiashara niliyekwambia, tumwite Papa Anselme, alikuwa na binti anaitwa Wivine. Alikuwa akisimama dukani kwa baba yake, nami nilikuwa nikienda kununua kalamu. Nilinunua kalamu nyingi mwaka ule, mwanangu, kuliko maneno niliyokuwa nayo ya kuandika. Alikuwa msichana wa kucheka waziwazi, mdomo wote, na alinipenda kabla sijavaa viatu vya mtu. Aliniuliza mapema habari za mama yangu. Nikajibu, "Iko mbali." Akaniangalia, hakuuliza tena.

Tulipokubaliana, desturi ikataka niende nyumbani kwao na wazee wangu kujitambulisha. Unajua mambo yanavyofanyika. Upande wa mume wanaleta msemaji, upande wa mke wanaleta msemaji, wanapigana kwa methali mpaka soda zinakwisha. Msemaji wangu wa haki alikuwa baba mdogo Ngabu. Nikamwona akilini, ameketi kwenye viti vya Papa Anselme vyenye vitambaa vyeupe, na vidole vyake vilivyokatwakatwa na nyavu. Nikasema hapana.

Mjini palikuwa na mzee mmoja tuliyemwita Maitre, kama wanavyoitwa mawakili. Hakuwahi kuona mlango wa shule ya sheria, lakini alikuwa na suti ya vipande vitatu na Kifaransa cha kusimama kwenye vidole vya miguu. Watu walikuwa wakimwomba kuwasemea kwenye ndoa, naye alikuwa akikubali kwa chakula kizuri na sifa. Nikamwendea. Nikamwambia, "Maitre, uwe baba yangu mudogo siku moja tu." Akakubali. Akaniuliza mambo ya ukoo, nikampa. Kisha akauliza, "Na mama? Nikiulizwa mama?" Hapo nilisita kama unavyosita kwenye daraja bovu. Halafu nikavuka. Nikamwambia, "Sema alishakufa."

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi sikujikwaa hata. Nilitembea wima.

Basi tuko sebuleni. Maitre anasema, sauti inapanda na kushuka, watu wanatikisa vichwa. Papa Anselme ameridhika. Pembeni ameketi mama yake, Koko Marta, nyanya yake Wivine, mzee sana, amejifunga kitenge, fimbo kati ya magoti, kimya kabisa tangu tuingie. Nikadhani amelala. Ghafla akainua uso.

"Na mwenye alimunyonyesha huyu mutoto, iko wapi? Sioni mama hapa."

Maitre akashusha sauti, akainamisha kichwa vizuri sana. "Koko, mama yake alishakufa."

Nikangoja. Nilikuwa nangoja chumvi, mwanangu. Nilikuwa nangoja mtu aseme pole, halafu tuendelee na mambo ya mbuzi.

Kutoka chumba cha nyuma, pale wasichana wanapongoja kuitwa, nikasikia Wivine amepiga kelele ndogo. Koko Marta akaangusha fimbo. Mama za pale wakashika vichwa. Papa Anselme akavua miwani. Mazungumzo yakafa palepale.

"Yoo! Mutoto!" Koko akaniambia. "Na ulinyamaza na ile uchungu yote? Ulikuja hapa peke yako, bila mama, na hukusema?" Akamgeukia mwanawe. "Anselme, siye hatuwezi kupokea vitu ya ndoa mu nyumba na machozi ya mukwe iko inangoja. Haiwezekane. Siku ya posho tutashuka Tchomia. Tulie ule mama kwanza, tukae chini na ndugu zake. Kiisha ndoa itakuja."

"Koko," nikasema, "ilikuwa zamani. Musijisumbue."

"Hakuna zamani ku kilio, mutoto. Mwenye hajalia, kwake ni leo."

Papa Anselme akasema atakodi kamyo, lori la kubeba watu wote. Siku ya posho, kwa wasiojua Kiswahili chetu, ni Jumamosi. Nilikuwa nimebakiza siku saba.

Nje, Maitre akanishika mkono, jasho linamtoka ndani ya zile nguo za vipande vitatu. "Kijana, ku Tchomia miye siende. Miye ni baba yako mudogo wa Bunia tu." Akapotea. Sikumwona tena mpaka ndoa ya mtu mwingine.

Sasa nikuulize: mtu mwenye akili angefanya nini? Angeenda kwa Koko kesho yake, apige magoti, aseme kweli. Njia ilikuwa wazi, mchana kweupe, mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Mimi sikuiona. Tamaa mbele, mauti nyuma, na mauti ya kwangu nilikuwa nimeiweka kwa mama. Niliona Wivine, nikaona duka, nikaona ile nyumba ya kitabuni taa zote zinawaka. Siku ya Ijumaa nikapanda juu ya gari lililokuwa linateremka kufuata samaki, nikaenda kwetu kumwomba mama yangu ajifiche.

Alinipokea kama nimetoka vitani. Akanipa ugali na samaki mbichi wa kupika, yule mnene aliyekuwa amemwekea mteja. Nikala. Yeye akarudi kwenye tanuru lake, akiniuliza habari za masomo huku anageuza. Nikamwambia, "Mama, ingekuwa vizuri uende kwa dada yako Kasenyi. Siku mbili tu."

"Juu ya nini? Iko mugonjwa?"

"Apana."

Akaniangalia kupitia moshi. Mama anamjua mtoto aliyekosa hata kabla mtoto hajajijua. Nikamweleza. Sikuficha kitu, sijui kwa nini, labda kwa sababu nilikuwa nimeshiba chakula chake. Nikamweleza habari za Wivine, sebule, Maitre, neno nililompa Maitre, na kamyo itakayokuja kesho na watu wa kulia.

Aligeuza samaki wote wa safu ile. Mmoja baada ya mmoja, mpaka mwisho wa waya. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile aliyoniulizia habari za masomo:

"Walisema nilikufa na nini?"

"Hatukusema, mama."

"Basi useme malaria. Ya malaria hawataulizauliza."

Mwanangu, nimepigwa maishani. Nimefukuzwa na risasi kama watu wengi wa Ituri, nimezika mtoto. Lakini hakuna kilichonipiga kama sentensi ile. Alikuwa ananisaidia uongo wangu ukae vizuri, kama alivyokuwa akininyoosha kola siku ya kwenda shule.

"Kasenyi siende," akaongeza. "Samaki itaoza. Nitaingia kwa jirani, nikae kimya. Kama kufa yangu siku moja itakupatia bibi muzuri na nyumba, nitakufa siku moja. Si nilikuzaa?"

Baba mdogo Ngabu alikuwa ameketi mlangoni anashona wavu, ameyasikia yote. Hakuinua macho. "Ulisoma mpaka ukasoma kufukia mama yako," akasema. "Kesho watu wakikuja nitawapa viti. Lakini mudomo yangu usiingojee." Akaendelea kushona.

Njia ya mwongo ni fupi. Kamyo ilifika kabla ya saa sita mchana. Tuliwasikia kabla hatujawaona, kwa maana mama za Bunia walianza kulia tangu kwenye kona ya kwanza ya kijiji, kilio cha kweli, cha mikono kichwani. Watu wa Tchomia wakatoka majumbani kuuliza nani amekufa, na hakuna aliyeweza kuwajibu. Wageni wakashusha mchele, unga wa muhogo, maharage, mafuta, kitenge kipya kilichokunjwa. Papa Anselme alikuwa amevaa suti nyeusi, imejaa vumbi la barabara mpaka mabegani. Wivine alikuwa na macho yaliyovimba. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alikuwa amelia juma zima. "Uliniambia iko mbali," aliniambia. "Nikafikiri njo namna yako ya kusema alikufa."

Koko Marta alishushwa garini na wanaume wawili. Hakutaka kiti cha Ngabu. Alitembea na fimbo yake mpaka kwenye tanuru, lililokuwa bado linatoa moshi, akaketi kwenye kile kigoda kidogo cha mama. Akaweka mkono juu ya udongo. Kisha akaanza kumlilia mama yangu, ambaye hakuwahi kumwona, kwa maneno kama tunavyolia hapa, akimsemesha.

"Mama, sikukujua. Ulizaa mutoto ukabaki naye peke yako. Ulimusomesha na hii moshi. Macho yako iliungua juu yake. Na siku ya kukula matunda yako, ukaondoka. Nani alikuambia aksanti, mama? Nani alikuambia aksanti?"

Nikainua macho. Mlango wa jirani ulikuwa na pazia, na pazia lilikuwa linatikisika. Mama yangu alikuwa nyuma yake analia. Alikuwa analia matanga yake mwenyewe! Kumbe maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno yale, hata mimi, na ilibidi afe ili ayasikie, tena kutoka kwa mgeni.

Sikuamua. Ningekudanganya nikisema niliamua. Miguu ilienda yenyewe. Nikafungua pazia, nikamshika mkono. Akaurudisha nyuma, akaninong'oneza, "Niache, mutoto, utaharibu ndoa!" Nikamvuta. Nikamtoa juani, mbele ya watu wote, na kanga yake ya kazi, na magamba ya samaki kwenye mikono.

"Huyu njo mama yangu," nikasema. "Hakufa. Miye njo nilisema alikufa. Niliona haya kwa sababu anauza samaki."

Mama mmoja wa Bunia, mnene, alikimbia akaacha kiatu, akidhani ni mzimu. Mpaka leo huwa nacheka peke yangu nikimkumbuka. Lakini wakati ule hakuna aliyecheka. Papa Anselme alinisogelea. Halafu akasema polepole, kama mtu anayepima kitambaa, "Mutu mwenye anazika wazima, siku moja atanizikia na mutoto yangu." Akaenda kusimama karibu na kamyo.

Koko Marta alinyanyuka. Akamfuata mama, akamshika uso kwa mikono miwili, akambonyeza mashavu kuona kama ni nyama ya kweli. Ndipo akapasua kicheko, na machozi bado yanamtoka. "Mungu asifiwe! Mara yangu ya kwanza kwenda ku kilio na kumukuta mwenye kufa. Mama, siye tulikulilia sana. Njoo basi ukule chakula ya kilio yako." Na akamfunga mama kile kitenge kipya kiunoni, juu ya magamba yote.

Halafu akanigeukia. Hapo kicheko kiliisha.

"Mutoto, sikiliza. Miye sina kasirani juu mama yako anauza samaki. Hata juu ya uongo sina kasirani mingi, vijana wanadanganyaka. Kasirani yangu ni moja. Siye, ulitufikiria ni watu ya namna gani? Ulifikiri tutasikia mama ya mutu alikufa, tuseme pole, tuendelee kukula?"

Sikuwa nimemwambia habari ya kitabu. Hakujua habari ya mwenye benki wala chumvi yake. Lakini alinipiga pale pale.

Mwanangu, kosa langu halikuwa kusoma. Kosa langu lilikuwa kuchukua watu wa kitabuni na kuwaweka sebuleni Bunia. Katika riwaya ile kijana anaweza kusema wazazi wake wamekufa, na hakuna hata mtu mmoja anayekodi gari kwenda kulia. Uongo wake unaishi kwa sababu yuko peke yake. Wangu haukuweza kuishi hata juma mbili, na uliouua ulikuwa wema wa watu. Nilikuwa nimedhani watu wangu ni kikwazo cha kupanda kwangu. Tangu siku ile namshukuru Mungu kwa kila mtu anayeniuliza, "Weye ni mutoto ya nani?"

Wivine sikumpata. Nakwambia wazi ili usidhani kila toba inalipwa arusi. Kabla ya kupanda kamyo alikuja kuagana na mama, akamsaidia kuondoa safu ya samaki waliokuwa wanaanza kuungua, maana katika msukosuko wote ule hakuna aliyekumbuka kugeuza. Akanipita bila hasira. "Ungelinieleza ukweli," akasema, "ningelikuwa nakuja likizo kumusaidia." Mwaka uliofuata aliolewa na mtu mwingine, mtu mzuri. Iliniuma miaka mingi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Lakini niseme nini? Nilipata mama. Koko Marta aligeuka rafiki yake, alikuwa akituma mtu ziwani kila mara kuchukua samaki, na ujumbe wake ulikuwa mmoja, "Mwambie marehemu anisalimie." Mama alikuwa anacheka mpaka anaketi chini. Vita ilipoharibu kule chini, nilimpandisha nikamleta hapa Lumumba, kwenye nyumba hii hii, kwa mke wangu ambaye Mungu alinipa baadaye, na tulikaa naye miaka mingi mizuri. Jumapili nilikuwa nikitembea naye kwenda kanisani tukipita katikati ya barabara, na mtu akituuliza tunatoka wapi, nilikuwa najibu mimi kabla yake.

Nilifundisha riwaya za Wamarekani maisha yangu yote. Nimesoma nyingi zenye kichwa na mkia. Zimejaa watu wanaotaka: wanataka nyumba juu ya kilima, wanataka gari, wanataka jina ambalo si la baba yao. Wanapanda, na wengi wakifika juu wanakuta chumba kikubwa na hakuna wa kumwita. Na matajiri wenyewe humo ndani wanaogopa usiku na mchana wasishuke, kwa sababu mpanda ngazi hushuka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba waandishi wale hawakuwa wanatufundisha kupanda. Walikuwa wamekaa matangani wanalilia watu wao, nami kijana mpumbavu nilidhani wanapiga ngoma ya arusi. Kile kitabu changu sikuwahi kukipata kizima. Niliacha kukitafuta.

Nawaona ninyi vijana wa leo mnavyopigwa picha mmeegemea jeep ya mtu, mnaziweka kwenye simu. Naona wanaokwenda kwenye machimbo ya dhahabu na kurudi na miwani myeusi, wakiwasalimia mama zao kwa mbali. Siwasemi vibaya. Nani aliyekwambia kutamani ni dhambi? Tamani, mwanangu. Taka viatu vyako mwenyewe visivyobana. Taka nyumba ya matofali, taka masomo mpaka ng'ambo, taka mke anayecheka mdomo wote. Umaskini hauna utukufu wowote. Mama yangu angekuwa wa kwanza kukwambia hivyo, macho yake yalimwuma mpaka mwisho. Ila mkataa kwao ni mtumwa, na ubaya wa utumwa huo ni kwamba unajifunga kamba kwa mikono yako na unajiona umevaa tai.

Basi nasaha yangu ni hii. Soma riwaya hizo, uzipende, lakini usimwazime mtu wa kitabuni maisha yako. Ukiulizwa wazazi wako wako wapi, taja mahali walipo, na kama wako kwenye moshi, sema wako kwenye moshi. Anayekukataa kwa sababu hiyo amekuokolea muda. Na lile neno aksanti usimwachie mgeni alitoe siku ya kilio. Lipeleke wewe, leo, mama yako akiwa na masikio ya kulisikia, hata kama atakuuliza umekunywa nini.

Haya, chukua kitabu chako. Mungu akuinue, mwanangu, akuinue sana, mpaka shingo za watu ziume wakikutazama. Na huko juu asikunyime watu wa kukulilia wala watu wa kukucheka. Njiani upitie nyumbani kwanza. Mama yako yuko hai. Mwambie.